Tofali na Kura

Wanaotusimulia habari za Tuskegee, mji mdogo wa jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, hupenda kuanza na tofali. Hutuambia jinsi Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa, alivyofungua chuo hapo tarehe 4 Julai, 1881, akiwa na wanafunzi 30. Jinsi tanuri la matofali lilivyoharibika mara tatu, naye akaweka saa yake rehani apate fedha za kujaribu mara ya nne. Na jinsi mji ulivyokua kwa jasho la vijana wake. Kisha hutupa fundisho: fanyeni kazi kwa bidii, siasa waachieni wengine, haki zitakuja zenyewe. Hata Kenya fundisho hilo lilifika, kwani tume ya Phelps-Stokes iliyotutembelea mwaka 1924 iliusifu mfano wa Tuskegee.

Kazi ni njema, wala simtetei mvivu. Lakini fundisho hilo si kweli, na historia ya mji wenyewe yalikanusha.

Tuulize kwanza: chuo kilitoka wapi? Mwaka 1880 Mzungu mmoja, W. F. Foster, alitaka kura za Weusi ili aingie katika Seneti ya Alabama. Akamwendea Lewis Adams, fundi wa bati aliyekuwa mtumwa zamani. Adams hakuomba fedha wala cheo. Aliomba shule kwa ajili ya watu wake. Foster akashinda, na jimbo likatenga dola 2,000 kwa mwaka za mishahara ya walimu. Basi kabla tofali la kwanza halijachomwa, kura ilikwisha kufanya kazi yake.

Mwaka 1901 Alabama ilitunga katiba iliyowanyang'anya Weusi wengi kura hiyo. Hata hivyo watu wa Tuskegee walizidi kujenga. Chuo kilistawi, mwaka 1923 ikafunguliwa hospitali kubwa ya askari wa zamani, mji ukapata walimu, madaktari na mafundi wengi. Kama haki huja zenyewe, zingalikuja hapo.

Je, zilikuja? Mwaka 1957 bunge la jimbo lilibadili mipaka ya mji. Mji uliokuwa mraba ukapewa pande 28, na wapiga kura Weusi wapatao 400 wakatupwa nje, wakabaki wanne au watano tu. Hakutolewa Mzungu hata mmoja. Chuo nacho, kilichoupa mji jina duniani, kikawekwa nje ya mji. Hayo ndiyo yaliyokuwa malipo ya matofali!

Waliotupwa hawakukaa kimya. Waliacha kununua katika maduka ya Wazungu, na mwalimu wa chuo hicho, Charles Gomillion, akaongoza wenzake kushtaki. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani iliamua kwamba jimbo haliwezi kuchora mipaka ili kuwanyima watu kura kwa ajili ya rangi yao. Mwaka 1972 mji ukamchagua Johnny Ford, meya wake wa kwanza Mweusi.

Mtu atasema: mbona mji ungali mdogo? Kweli, hesabu ya mwaka 2020 haikufikia watu 10,000. Kura haichomi matofali. Lakini ajengaye bila kura hujenga nyumba ambayo mwingine aweza kumfungia mlango wake. Enyi vijana, jifunzeni kazi zote mbili.