Pamba ya Shinyanga na Sumu ya Marudio

Katika machimbo madogo ya Geita na Shinyanga, mchanga uliokwisha kuchenjuliwa kwa zebaki hautupwi. Huitwa marudio, nao hulowekwa katika matangi yenye sianidi ili dhahabu iliyosalia iyeyuke na kukusanywa. Dhahabu huondoka, maji yenye sumu hubaki. Bwawa la maji hayo likivuja, anayelipia ni mfugaji jirani ambaye hakupata hata chembe ya dhahabu hiyo.

Maumbile yenyewe yanayo silaha dhidi ya sianidi. Bakteria aitwaye Bacillus pumilus ana kimeng'enya kinachoigeuza kuwa amonia na fomati, ambazo sumu yake ni ndogo zaidi. Lakini kimeng'enya kikimwagwa majini huchukuliwa na maji, na gharama yake ikapotea. Dawa ya tatizo hilo ni kukishikiza juu ya kitu kigumu: maji yapite, chenyewe kibaki. Nelson na Griffin walionyesha huko Marekani mwaka 1916 kwamba kimeng'enya kilichoshikamana na makaa huendelea kufanya kazi. Mwaka 1969 kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani ilianza kuitumia njia ya namna hiyo kiwandani.

Kitu kinachofaa kwa kazi hii ni chenye uso mpana. Nyuzi za pamba, ambazo karibu zote ni selulosi, zikichemshwa katika asidi hutoa chembe ambazo unene wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya milioni moja ya milimita. Gramu chache za chembe hizo zina nafasi tele ya kushikiza vimeng'enya. Nasi tunalo zao hilo hilo Shinyanga, na vinu vya kuchambulia pamba huacha mabaki ya nyuzi fupi.

Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba utafiti huu uanzie bwawani, usianzie katika chupa safi ya maabara. Maji ya sianidi hutiwa chokaa hata pH ikapita 10, ilhali kimeng'enya hiki hupendelea pH ya karibu 8. Shaba na chuma zilizomo katika mawe huishika sianidi kwa nguvu na kuifanya iwe ngumu kuvunjwa. Zaidi ya hayo, marudio yana zebaki, ambayo hakuna kimeng'enya kiwezacho kuimaliza, kwa kuwa ni elementi. Mtaalamu asiyeyapima maji yenyewe atashinda katika karatasi na kushindwa kijijini.

Wala utafiti usigeuzwe kisingizio. Njia za kemikali za kuiharibu sianidi zipo tayari, na bwawa lisilovuja halihitaji uvumbuzi wowote. Hayo na yatekelezwe leo. Pamba ije kuongeza nguvu, isije kuficha uzembe wetu.