Kijana wa Ulaya, lipa kwa akili

Ndugu kijana, uko Ubelgiji kwa masomo. Ordinatere yako imekufa, na mitihani inakaribia. Kwenye intaneti umeona ingine, euro 900. Baba, anayeshuka kwenye mugodi hapa kwetu, amekutumia feza. Unalipa, karte inakataa. Usilie bado.

Mara nyingi sababu ni ndogo. Karte iko na kipimo cha feza ya kutoa kwa siku ao kwa juma. Ita banki, uombe wakipandishe kwa muda. Angalia tena numero ya simu uliyowaachia: kama ni ile ya Kongo uliyokwisha kuzima, nambari ya kuhakikisha malipo itakufikia namna gani? Na nambari ile usimupe mutu, hata akisema yeye ni wa banki.

Sasa chunga hapa. Muuzaji akikuambia: «Acha karte, tuma feza kwa wakala, nitakupunguzia bei», kimbia. Feza ya vile ikishachukuliwa, ni shida kabisa kuirudisha. Lakini ukinunua kwa duka la kweli la intaneti, tokea mwaka 2014 sheria ya Ulaya inakupa siku 14, kisha kupokea kitu, za kukirudisha bila kueleza sababu. Vitu vichache tu haviingii.

Na wewe muzazi, mutoto akiandika kama karte imekataa, usimufokee. Muulize kwanza: anataka kulipa nani, na kwa njia gani? Ulizo lile moja linaweza kuokoa jasho la miezi.