MENEJA AKISEMA "HAKUNA FEDHA," MWULIZENI IMEKWENDA WAPI

Ndugu Wafanyakazi,

Kila tukiketi mezani na matajiri kutafuta mapatano ya mshahara, twasikia neno lile lile. Meneja hufungua faili, huvaa miwani, kisha husema, "Kampuni haina fedha." Mjumbe wetu hujibu, "Lakini mwaka jana mlipata faida!" Meneja hutabasamu, kwa sababu yeye anajua kwamba faida ni jambo moja na fedha ni jambo jingine. Sisi hatujui. Ndiyo sababu tunatoka mle chumbani mikono mitupu.

Wako wenzetu wasemao kwamba hesabu ni kazi ya makarani, na kazi ya chama ni kugoma. Haki ya kugoma tunayo, nayo imeandikwa katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41. Lakini kuigomea kampuni ambayo imekwisha kufa ila haijazikwa ni sawa na kumdai maiti. Yatupasa kujua mapema kama tunayezungumza naye yu hai.

Basi tujifunze. Kila kampuni ina fedha ya kuzungusha. Ni kama mama wa sokoni anunuaye mboga alfajiri, akauza mpaka jioni, na kesho akanunua tena kwa fedha ile ile. Mzunguko huo hupimwa kwa siku, na vipimo ni vitatu. Cha kwanza, bidhaa hukaa stoo siku ngapi kabla ya kuuzwa? Cha pili, wateja wa mkopo hukaa siku ngapi kabla ya kulipa? Cha tatu, kampuni yenyewe hukaa siku ngapi kabla ya kuwalipa wale walioiletea bidhaa? Jumlisha cha kwanza na cha pili, kisha utoe cha tatu. Jibu ni siku ambazo kampuni lazima ijitegemee kwa fedha yake. Jibu likiwa chini ya sifuri, kampuni inafanya kazi kwa fedha ya watu wengine.

Chukua duka kubwa liuzalo kwa fedha taslimu. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Bidhaa zilizouzwa kwa mwaka ziligharimu Sh. 730 milioni, yaani Sh. 2 milioni kila siku. Stoo na rafuni mna bidhaa za Sh. 60 milioni, yaani za siku 30. Walioleta bidhaa wanadai Sh. 180 milioni, yaani za siku 90. Hapo kuna Sh. 120 milioni za watu, zisizo na riba, mkononi mwa tajiri. Hilo peke yake si kosa. Maduka makubwa mengi duniani huenda hivyo, na yenye afya hulipa siku ikifika.

Sasa tazama mwaka wa pili. Mauzo ni yale yale. Bidhaa rafuni zimeshuka mpaka Sh. 40 milioni, na deni la wenye bidhaa limepanda mpaka Sh. 360 milioni. Siku 90 zimekuwa 180. Tofauti sasa ni Sh. 320 milioni. Hiyo fedha haimo rafuni, wala haiko kwa wateja, maana walilipa taslimu. Imekwenda wapi? Huenda imefungua matawi mapya, imenunua kiwanja, imeziba hasara, au imeingia mfuko wa mwenye kampuni. Hilo ndilo swali la kumwuliza meneja, na hawezi kulijibu kwa kutaja faida.

Msidhani haya ni mambo ya kitabuni. Uchumi, duka lililoandikishwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1992, lilifunga milango Juni 2006. Likafufuliwa, na mwaka 2015 kilio cha wenye bidhaa kikarudi, hata likafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Mwaka 2017 wananchi waliona rafu tupu. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Tuskys ikafuata njia hiyo hiyo mwaka 2020 na 2021. Katika kila moja, aliyeleta maziwa na unga alijua kabla ya gazeti, kwa sababu ndiye aliyekuwa halipwi. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi ilikuwa ya wenye kampuni. Matanga tulikaa sisi.

Na sisi tulikuwa wapi? Sisi tulikuwamo katika hesabu, katika mstari wa wadai, bila kujua. Nilipata kufanya kazi ya karani wa stoo katika kampuni ambayo sitaitaja. Kwanza malori yalikataa kushusha mali bila hundi. Baadaye yalikataa hata hundi, yakataka taslimu. Nikadhani ni ugomvi wa madereva. Kisha nikaenda kwenye chama chetu cha akiba na mikopo kuomba karo ya mtoto. Karani akaniambia makato yangu hayajafika kwa miezi mitano. Fedha ilikuwa imekatwa katika mshahara wangu kila mwezi, na karatasi ya malipo ninayo. Tajiri alikuwa ameikopa bila kuniuliza, akailipia malori. Mtoto alikaa nyumbani muhula mzima.

Ndugu zangu, makato yasiyopelekwa ni mkopo wa lazima. Mchango wa NSSF wapaswa kufika si baada ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kampuni ikianza kuchelewesha huo, jueni kwamba wenye bidhaa wamekwisha kuikatalia, na sasa imewageukia wale wasioweza kukataa.

Wafanyakazi wa viwandani nao wasidhani wamesalimika. Kwenu ugonjwa huonekana upande wa pili. Mali inajaa ghalani bila mnunuzi, na wateja wakubwa wanakaa na deni siku 60, kisha 90, kisha 150. Kitabuni hayo yote yaandikwa kuwa mauzo na mali, na faida yaonekana nono. Lakini mshahara haulipwi kwa deni la mteja. Hulipwa kwa fedha.

Matajiri watasema, "Hesabu zetu ni siri." Si siri mezani. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, yamtaka mwajiri akipe chama habari zote zihusuzo majadiliano. Basi kila tawi lifanye hivi. Kabla ya kikao, liandike barua kudai karatasi za mizania za miaka mitatu, likipiga hesabu ya zile siku: bidhaa gawanya kwa gharama ya mauzo ya mwaka, zidisha kwa 365, na deni la wenye bidhaa vivyo hivyo. Deni la wateja ligawanywe kwa mauzo ya mkopo. Mwaka mmoja hausemi kitu. Tazameni siku zinakokwenda.

Siku zikiwa imara na meneja analia umaskini, msimwamini. Daini nyongeza yenu yote. Siku za deni zikiwa zinakimbia, daini kwanza makato yote yalipwe na malimbikizo ya mshahara yatolewe, ndipo mzungumze nyongeza. Msikubali neno "subirini." Kampuni ikifilisiwa, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 yatanguliza mishahara ya miezi 4 ya mwisho tu, tena isizidi Sh. 200,000 kwa mtu mmoja. Kinachobaki mtakingoja mlangoni pamoja na wadai wengine, na benki yenye rehani imekwisha kuchukua chake.

Mwenye macho haambiwi tazama. Karani wa stoo anaona rafu, dereva anaona lori likirudishwa, mwenye kulipia karo anaona makato hayakufika. Leteni habari hizo katika mkutano wa tawi, ziwekwe pamoja, na mjumbe azipeleke mezani zikiwa na tarakimu.

UMOJA NI NGUVU, NA HESABU NI MACHO YAKE.

Wenu katika kazi,
Karani wa Stoo