Vita dhidi ya mbung'o West Nile: Funzo kwa kampuni changa za sayansi

Mikutano ya kuwakutanisha wabunifu wa sayansi ya afya na wawekezaji nchini Uganda aghalabu hufanyika Kampala. Hata hivyo, mojawapo ya ubunifu uliozaa matunda zaidi nchini humo ulijaribiwa takriban kilomita 500 kutoka mji mkuu huo, kandokando ya vijito vya West Nile.

Ubunifu wenyewe ni kitambaa kidogo cha buluu kilichoshonewa wavu mweusi na kutiwa dawa ya kuua wadudu. Rangi ya buluu huwavutia mbung'o wanaoeneza ugonjwa wa malale, nao hufa baada ya kukigusa. Majaribio yalianza mwaka 2011 katika eneo la Arua na Maracha, kisha yakapanuliwa hadi Koboko na wilaya jirani. Idadi ya mbung'o ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria gharama kuwa takriban dola 85 za Kimarekani kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Uganda imetokomeza malale ya aina ya gambiense kama tatizo la afya ya umma.

Mafanikio hayo hayakuletwa na kitambaa peke yake. Watafiti wa Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Liverpool walifanya kazi na taasisi za serikali ya Uganda, vituo vya afya vilipewa vipimo vya haraka, na wanavijiji wakashiriki kuviweka vitambaa mtoni. Kila mhusika alimjua mwenzake.

Mtandao wa namna hiyo ndio unaokosekana kwa kampuni changa nyingi. Mwaka 2018, Brian Gitta alikuwa Mganda wa kwanza kutwaa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, yenye thamani ya pauni 25,000, kwa kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu. Tuzo hufungua milango, lakini kifaa cha tiba huhitaji pia maabara, wagonjwa wa majaribio, kibali cha serikali na hospitali iliyo tayari kukinunua.

West Nile ina sehemu ya mahitaji hayo. Arua ina hospitali ya rufaa ya mkoa, Chuo Kikuu cha Muni na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Koboko, inayopakana na Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mahali pa kufuatilia magonjwa yanayovuka mipaka.

Suala hili lina uzito wa kipekee kwa sasa. Vitambaa hivyo vimetegemea kampuni ya kigeni na fedha za wafadhili. Wafadhili wakiondoka, mbung'o wanaweza kurejea, na mipaka haiwazuii wala haizuii vimelea. Kampuni ya Arua inayoweza kukata, kushona na kusambaza vitambaa hivyo ingekuwa kinga, si biashara tu.

Kwa hiyo, mikutano ya wabunifu itakuwa na faida zaidi ikiwafuata mafundi wa maabara, maafisa wa wadudu na wauguzi huko waliko. Wao ndio wanaojua kifaa gani kinahitajika, na kipi kitaishia kabatini.