Daftari la wiki: Wasifu wa Bibi Kocha, sehemu iliyorukwa

Wasifu wa marehemu kwetu umeshakuwa fomu ya kujaza. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma hadi darasa fulani, akaolewa, akajaliwa watoto kadhaa, akaanza kuugua, akalazwa, Bwana akatwaa. Jumatano tulimzika mama mmoja mzee hapa Kizota, na kijana aliyekabidhiwa karatasi alimaliza kuisoma kabla sisi tuliochelewa hatujapata kivuli. Sukari iliyomuua ilipewa aya nzima. Kiwanja hakikutajwa. Redio haikutajwa. Wala hakuna aliyewaeleza wageni kwa nini wasichana kumi na kitu walikuja makaburini na sketi za michezo, wakalia kuliko baadhi ya ndugu.

Familia imeomba nisimtaje jina, na sitamtaja. Vijana wa bodaboda kijiweni walimwita Bibi Kocha, na hilo litatosha.

*

Jumamosi mchana alikuwa akitoka kwake na ndoo ya majivu, kigingi, kamba ya manila na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kitako kwa msumari. Kigingi anakigongea kwenye kona, kamba anaivuta hadi kona ya pili, kisha anapita juu yake akilitikisa kopo, mgongo umeinama, khanga imefungwa kiunoni. Uwanja wa mpira wa pete una urefu wa mita 30 na nusu na upana nusu yake. Hesabu hiyo aliipata kwa hatua za miguu yake, na mwalimu wa michezo aliyekuja na futi kumhakiki alirudi kimya. Magoli yalikuwa nguzo mbili za mti zenye pete za nondo, kazi ya fundi wa kuchomelea aliyelipwa kwa sahani ya mlenda na ugali wa uwele.

Anayeijua Dodoma ya mwezi wa nane anajua upepo wake. Kabla ya mapumziko mistari huwa imeshakwenda na vumbi. Bibi alikuwa anaingia mechi ikiendelea, anaichora upya, na ole wake mchezaji atakayemkanyagia majivu. Filimbi alikuwa nayo mwenyewe shingoni. Ukishika mpira zaidi ya sekunde tatu anapuliza, na hakuwahi kupatikana mtu wa kumshinda kwa ubishi.

Binti aliyekosa Jumamosi mbili mfululizo alifuatwa nyumbani. Nasikia wazazi wengine walimwona mzee mwenye kiherehere. Kulikuwa na nyumba, lakini, ambako kufika kwake kulizuia posa ya mtoto wa darasa la saba. Hilo nalo halikusomwa.

Na hakulipwa na mtu. Siku hizi mtu akikwambia anajitolea, muulize kwanza posho ni kiasi gani. Yeye aliulizwa mara nyingi yuko na shirika gani, akajibu yuko na jiko lake, ndilo linalompa majivu.

*

Hakuwa wa Kizota, wala wa Tanzania kwa kuzaliwa. Alivuka mpaka akiwa binti mwaka 1972, wakati mauaji ya Burundi yalipowakimbiza watu kwa maelfu. Serikali ya Mwalimu iliwapa waliokimbia mapori ya kufyeka: Ulyankulu kule Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na baadaye Mishamo. Bibi alikulia na kuolewa Katumba, mahali ambapo treni ya Mpanda inapita lakini mkimbizi alihitaji kibali ili aipande.

Mwaka 2007 waliulizwa: mnarudi Burundi au mnabaki? Wengi walisema wanabaki, na wapatao 162,000 wakakubaliwa uraia. Mpango wa awali ulitaka wavunjiwe makazi na kutawanywa mikoani. Ukasuasua miaka, ukaachwa, na vyeti vikaanza kugawiwa Oktoba 2014. Hapo ndipo ninapompenda Bibi: Serikali ilipoacha kumlazimisha kuhama, ndipo yeye akahama. Alikunja cheti kwenye mfuko wa nailoni, akapanda treni hadi Tabora, akaunganisha Dodoma kwa mwanawe aliyekuwa kibarua wa viwandani hapa Kizota. Wiki ya kwanza alikuwa ameshajifunza kuamkia “mbukwa”, kwa lafudhi iliyowachekesha Wagogo wote wa mtaa, akiwemo yeye mwenyewe, ambaye kufikia hapo alijiita Mgogo wa kuhamia.

*

Mapenzi ya michezo yalimwingilia kwenye redio. Katumba ya mwaka 1996 ilikuwa na redio chache na betri chache zaidi, zilizoanikwa juani ili zipate nguvu ya jioni moja. Mwaka huo Burundi ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Atlanta, na Venuste Niyongabo akashinda dhahabu ya mita 5,000. Mpaka leo Burundi haijapata dhahabu nyingine.

Lakini Bibi hakuisimulia dhahabu. Alisimulia kilichotangulia. Mbio za Niyongabo hasa zilikuwa mita 1,500. Nafasi yake humo alimwachia Dieudonné Kwizera, mwanariadha mwenzake aliyehangaika miaka nchi yao ipate kuingia Olimpiki, na ambaye ujana wake wa kukimbia ulikuwa unaisha bila yeye kushiriki. Niyongabo akahamia mbio ndefu ambazo hakuwa na uzoefu nazo, na huko ndiko alikoshinda. Msichana aliyenuna kwa kutolewa nje ili mwenzake aingie alisimuliwa kisa hicho pale pale pembeni ya mstari. Mmoja wao, sasa mwalimu mwanafunzi, ananiambia amekisikia mara nyingi kiasi kwamba anaweza kukihadithia kwa Kirundi, lugha asiyoijua.

*

Kwenye soka alikuwa na dhambi ambayo mjini hapa haisameheki. Amissi Tambwe, Mrundi, aliibuka mfungaji bora wa ligi akiwa Simba msimu wa 2013/14, na Bibi akawa Simba. Desemba 2014 Tambwe akaenda Yanga. Bibi naye akaenda Yanga, mchana kweupe, bila haya. Walipomzonga kijiweni alijibu: “Mimi sihami timu, nahama na mtoto wangu.” Saido Ntibazonkiza alipokuja kuchezea Yanga, kisha akaishia Simba, walimuuliza tena. Akasema watoto siku hizi wanahamahama sana, wanamchosha.

Kibanda umiza alilipa kiingilio kama kila mtu na kukaa benchi la mbele. Machi 2019 alipata wikendi ambayo sidhani kama Mtanzania mwingine aliifurahia kama yeye. Jumamosi ya tarehe 23 Burundi walitoka sare na Gabon, wakafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Jumapili Taifa Stars wakaichapa Uganda 3-0 na kufuzu, baada ya kusubiri tangu 1980. Kule Misri, ni kweli, timu zote mbili zilifungwa mechi zote tatu, na Burundi hawakupata bao hata moja.

Septemba mwaka huo zikapangwa zenyewe kwa zenyewe, kuwania kuingia makundi ya kufuzu Kombe la Dunia. Bujumbura 1-1, Dar es Salaam 1-1. Kibanda kizima kilimtazama Bibi aliyejifunga khanga na kutangaza, “Leo mimi sifungwi.” Zikaja penalti. Tanzania walishinda 3-0, Burundi hawakuingiza. Waliokuwepo wanasema alishangilia zote tatu za Stars, kisha akageukia skrini na kuuliza kwa uchungu wa mzazi: “Hata moja, jamani?”

*

Mengineyo. Zabibu za msimu wa pili zimeanza kupangwa barabarani. Onja kwanza, wapo wanaochuma kabla hazijakolea.

Nimewauliza vijana watano wa chuo Theresia Dismas ni nani. Hakuna aliyejua. Ndiye aliyetuletea medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika, Brazzaville, 1965, miaka 15 kabla ya Bayi na Nyambui kupanda jukwaani Moscow. Kama wa Brazzaville amesahaulika, wa kopo la majivu tusishangae.

Huko Limpopo, Afrika Kusini, mwanamama Beka Ntsanwisi aliunda timu ya soka ya mabibi iitwayo Vakhegula Vakhegula, ambayo mwaka 2010 ilisafiri hadi Marekani kucheza mashindano ya maveterani. Bibi Kocha alionyeshwa picha zao kwenye simu ya mjukuu. Hakusifu. Alisema yule beki wa kushoto anasimama vibaya.

*

Sasa kiwanja. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 kwenye sensa ya 2012. Ile ya 2022 ikakuta 765,179. Watu hao lazima walale mahali, na rahisi kumegwa ni pale panapoonekana patupu siku sita za wiki. Ijumaa asubuhi nimekuta vigingi vipya vya upimaji upande wa goli la mashariki. Huenda ni barabara, huenda ni fremu za biashara. Niliowauliza kila mmoja alinielekeza kwa mwingine.

Wakazi wenzangu, kwenye mkutano ujao wa mtaa mtu mmoja ainue mkono aulize eneo lile limeandikwa nini kwenye ramani ya mipango miji, na jibu liingie kwenye muhtasari. Wasichana wana mechi Jumamosi saa kumi, na filimbi ameichukua yule mwalimu mwanafunzi. Mwenye majivu makavu ayapeleke mapema.