Viongozi wa Wanafunzi na Funzo la Samunge

Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu. Uwezo wa dawa ile si hoja yetu leo. Hoja yetu ni ile biashara iliyozuka kando ya foleni ya magari, ya maji, chakula na nauli, kwa bei ya kuruka. Umati ulipotawanyika, biashara nayo ilinyauka.

Tumeukumbuka mfano huo kwa kuwa viongozi wa wanafunzi wa vyuo vikuu, Bara na Visiwani, wanawahimiza wenzao wajiajiri. Wito huo ni mwema, tena si mgeni. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule ziwe pia jumuiya zenye kuzalisha mali. Lakini kongamano la siku moja lenye hotuba na vyeti halitofautiani na umati wa Samunge: likiisha, limekwisha.

Ipo hatari kubwa zaidi. Mwanafunzi anayehimizwa bila kufundishwa huigeuza fedha ya chakula, aliyokopeshwa na Serikali, kuwa mtaji. Ukipotea, amepoteza mlo na masomo, na deni lingali shingoni.

Kwa hiyo tunawaasa viongozi hao waache kuhesabu makongamano. Wadai kwa wakuu wa vyuo mahali halali pa kuuzia. Waunde vyama vya akiba na mikopo. Hesabu zisomwe mbele ya wanachama. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari.

Serikali nayo ina wajibu wake. Huko Bara, sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Hapana budi maofisa wawafikie vijana kabla hawajahitimu, si baada ya kukata tamaa.

Loliondo ina ngozi na maziwa. Unguja na Pemba zina mwani, unaosafirishwa kwa wingi ukiwa mkavu tu. Msomi atakayeiongezea mali hiyo thamani nyumbani kwao, huyo ndiye atakayekuwa amejitegemea kweli.