Kobalti ya Kolwezi inasubiri umeme

Na Rehema Mwakatobe

Serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliposimamisha usafirishaji wa kobalti Februari 2025, bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 10 kwa ratili. Nchi inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti yote duniani ilikuwa ikiuza kwa bei ya kutupa. Oktoba zuio likaondolewa, ukaja mgao wa mauzo ya nje: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hicho hicho 2027. Bei imepanda zaidi ya mara mbili. Kinshasa ilikuwa na haki ya kufanya hivyo, nami naiunga mkono.

Ila bei nzuri haijajenga kiwanda. Tazama kinachopakiwa Kolwezi, mji wa migodi: magunia makubwa ya unga wenye majimaji, ambao hata ukikaushwa, kobalti yake ni kama theluthi tu. Malori yanaubeba hadi mpakani Kasumbalesa, yanakatiza Zambia, mengine yanaingia kwetu Tanzania kupitia Tunduma na kuteremka Dar es Salaam. Kutoka hapo ni meli hadi China, unakosafishwa ukawa malighafi ya betri. Dizeli yote hiyo inachomwa kusafirisha maji na uchafu, na ajira ya maana inaanzia ng'ambo.

Kusafisha kobalti kunataka umeme usiokatika. Kolwezi kwa sehemu inategemea ule wa mabwawa ya Inga, umbali wa kilomita zipatazo 1,700, na migodi hununua wa ziada kutoka Zambia au huwasha jenereta. Mwekezaji gani ataweka mtambo hapo?

Wakati huo huo watengeneza betri hawakukaa kusubiri. Mwaka 2024 karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani zilikuwa za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata chembe. Indonesia nayo inaongeza kobalti yake kila mwaka. Kila zuio la ghafla linawapa wanunuzi sababu nyingine ya kuhama.

Hata sisi Tanzania tulizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, Machi 2017. Tukapata kampuni ya ubia ya Twiga na hisa asilimia 16, jambo jema, lakini makontena yaliyozuiwa mwishowe yalisafirishwa nje, kwa kuwa hatukuwa na pa kuyayeyushia.

Kongo inatoza kobalti mrabaha wa asilimia 10. Kwa bei ya sasa hizo ni fedha nyingi. Ziende kwenye nyaya na mitambo ya umeme ya miji ya Kolwezi na Likasi, hesabu zikiwekwa hadharani, kabla mgao wa 2027 haujaisha.